Mkusanyo wa Whitney Houston wa mwaka 2000: unakata kiu ya msikilizaji?

#1 MwanaRaskazoni
Salaam wakuu. Naomba tuujadili mkusanyo wa Whitney Houston unaoitwa The Greatest Hits, ule wa sidii mbili uliotoka Mei 2000. Dai langu: sidii ya kwanza unaiweka na kuisikiliza hadi mwisho bila kunyanyuka. Ya pili haimtoshelezi mtu aliyezikulia zile nyimbo, na waliouandaa walijua wanachofanya.

Sidii ya kwanza ni nyimbo za taratibu. Saving All My Love for You ipo, Greatest Love of All ipo, I Have Nothing ipo, zote kama zilivyorekodiwa. Unaweka ya pili ukitegemea How Will I Know ya 1985, I Wanna Dance with Somebody ya 1987, So Emotional. Majina yote yameandikwa kwenye jalada. Ukibonyeza unakutana na rimiksi. Sauti ni ya Whitney, lakini ala alizoimbia zimeng'olewa, chini pamewekwa mdundo wa house, ule wa kuchezea klabuni. Nyimbo hizo tatu zote zilishika namba 1 Marekani, na zilifika pale kwa ngoma na vinanda vilivyosimamiwa na Narada Michael Walden. Hivyo ndivyo vilivyotamba. Sasa unawezaje kuandika juu ya jalada kwamba hivi ni vibao vilivyotamba, ndani ukaweka vingine?

Nasikia hapa Tanga wapo wanaosema huu ndio mkusanyo bora kuliko yote. Wajitokeze, nataka kujua wao wanasikia nini ambacho mimi sikisikii.

#2 Binti_Chumbageni
Nimejitokeza. Mimi Whitney nilimjulia kwenye sidii hiyohiyo, kaka yangu aliileta kutoka Dar. It's Not Right but It's Okay ninayoijua ni rimiksi ya Thunderpuss. Siku nilipoisikia ya kwanza, ile ya polepole ya kwenye albamu ya 1998, niliona inakosa kitu. Sasa nani aniambie yangu si halali? Hiyo rimiksi yenyewe ilishika namba 1 kwenye chati ya muziki wa klabu Marekani. Imetamba kama zilivyotamba zako.

#3 Pwani_Tulivu
Jamani tatizo lilikuwa nafasi tu. Sidii haibebi kila kitu. Whitney ana nyimbo nyingi, wakaona wapunguze.

#4 FundiRedio_Makorora
Namba 3, hesabu haikubali. Sidii moja inabeba dakika 74 hadi 80. How Will I Know na I Wanna Dance kila moja haifiki dakika 5. Rimiksi za klabu kwa kawaida ndizo ndefu, zinakwenda dakika 8 hata 10, kwa sababu DJ anahitaji mdundo mtupu mwanzoni na mwishoni wa kuunganishia na wimbo mwingine. Kwa hiyo hapa walichukua nyimbo ndefu wakazikata fupi ili ziingie, wakati zilizokuwa fupi tangu kuzaliwa zipo. Halafu angalia: I Will Always Love You ipo mara mbili, ya kawaida sidii ya kwanza na rimiksi ya Hex Hector sidii ya pili. Greatest Love of All nayo mara mbili. Mwenye shida ya nafasi harudii wimbo.

#5 Mpangani_Halisi
MwanaRaskazoni anataka kila kitu kibaki kilivyokuwa mwaka aliobalehe. Karibu Pangani mgosi, huku bado tunazo redio za mkulima.

#6 Mama_Sahare
Habari zenu. Mimi sina ugomvi na sidii ya pili kwa sababu siifungui. Ya kwanza nimeitumia kwenye harusi mpaka imekwaruzika. Ukipamba ukumbi, bibi harusi anaingia, unaweka I Will Always Love You, watu wote kimya, simu juu. Wimbo ule Whitney alimtungia mumewe ndiyo maana aliuimba kwa uchungu vile.

#7 Santuri_Kuukuu
Mama Sahare, salaam. Wimbo ule ni wa Dolly Parton. Aliutunga alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, bosi wake aliyekuwa na kipindi cha televisheni, na ukatoka 1974 kwa mtindo wa kantri. Whitney aliurudia 1992 kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, David Foster akausimamia. Ule mwanzo wa sauti tupu bila ala lilikuwa wazo la Kevin Costner, mwigizaji mwenzake kwenye filamu hiyo. Ukakaa namba 1 Marekani wiki 14.

Na kwa heshima zote, maneno yake ni ya mtu anayeaga. Anasema nikibaki nitakuwa kikwazo kwako, acha niondoke. Mwaka 2012 ndio uliopigwa jeneza la Whitney likitolewa kanisani kule Newark. Sisi tunamwingizia bibi harusi.

#8 Mama_Sahare
Ahsante kwa Dolly. Lakini ukumbini hakuna anayeaga, Santuri. Watu wanasikia ile sauti ikipanda baada ya ngoma kugonga, machozi yanatoka, bibi harusi anapiga hatua. Kazi ya wimbo imeisha.

#9 Mzee_Barabara_ya_12
Vijana mnazungumza utadhani mikusanyo ililetwa na kampuni za kule. Sisi hapa Ngamiani tulikuwa tunaitengeneza wenyewe.

Miaka ya themanini hadi katikati ya tisini unanunua kanda tupu, dakika 60 au 90. Unaandika orodha yako kwenye karatasi ya daftari, unampelekea mrekodi dukani kwake. Yeye ana santuri na kanda mama, rafu mpaka darini. Unaacha hela, unaambiwa urudi keshokutwa. Upande A unaweza kuomba Whitney mtupu, upande B unachanganya Lionel Richie na Kool and the Gang, na mwisho unabakiza nafasi ya taarabu mbili tatu ili mama nyumbani asilalamike redio ikiwashwa. Ukiipenda sana unavunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda, asije mdogo wako akarekodi juu yake mahubiri au mpira.

Mrekodi wa kweli alikuwa na sikio. Ukimwandikia nyimbo tano za taratibu mfululizo anakurudishia karatasi, "mgosi, kanda hii italala". Anakuuliza ya nani, ya kusikiliza chumbani au ya shughuli. Anajua upande ukibakiwa na dakika tatu wimbo gani unaingia bila kukatwa mkia. Hakuwa msanii wala mtayarishaji, lakini kupanga nyimbo zifuatane alikujua kuliko wengi wenye vyeo.

Ndiyo maana mimi ule mkusanyo haunitoshelezi, na sababu yangu si ya MwanaRaskazoni. Sidii nzima ya kubembeleza, sidii nzima ya kuruka. Nani anaishi hivyo? Chukua albamu yake ya 1987. Inaanza I Wanna Dance, inafuata ya polepole, inachangamka tena, halafu Didn't We Almost Have It All. Unapumzishwa, unanyanyuliwa. Huku wamemtenganisha mwimbaji mmoja kuwa wawili.

#10 Binti_Chumbageni
Shikamoo mzee. Hoja yako nzuri, ila nina swali. Zile kanda za mrekodi, si nyingi zilikuwa za kunakili? Whitney alipata nini?

#11 Mzee_Barabara_ya_12
Marahaba binti. Hakupata kitu, na wasanii wetu wa hapa hawakupata kitu vilevile. Hilo silitetei. Nilikuwa nasema habari ya sikio.

#12 Bandari_Saba
Maelezo yote hapo juu yanazunguka. Jibu ni biashara. Mwaka 2000 mashabiki wa Whitney tayari walikuwa na albamu zake. Albamu ya kwanza ya 1985 pekee iliuza mamilioni duniani. Sasa mtu mwenye albamu zote utamuuziaje nyimbo zilezile? Unampa kitu ambacho hana. Ndiyo maana mle ndani kuna nyimbo mpya za kushirikiana, na Enrique Iglesias, na Deborah Cox, na George Michael, halafu na rimiksi. Mkusanyo haukumlenga mtu wa namba 1 hapo juu, ulimlenga mfuko wake.

Ongeza na hili: mwaka uleule Clive Davis, aliyemwibua Whitney na kuiongoza Arista, kampuni yake ya rekodi, tangu ianzishwe, alikuwa anaondolewa kwenye kampuni na L.A. Reid anaingia. Nyumba iko kwenye mabadiliko ya mkuu wa nyumba, kila mtu anataka mauzo makubwa kabla vumbi halijatua.

#13 Usiku_wa_Tangamano
Bandari, umesahau klabu. Albamu ya My Love Is Your Love ya 1998 ilirudisha jina la Whitney kwa vijana, na iliyomrudisha zaidi ni rimiksi. Hex Hector, Junior Vasquez, Thunderpuss, hao ndio waliokuwa wanapigwa usiku. Mimi nilikuwa napiga muziki hapa mjini wakati huo. Ukiweka So Emotional ya zamani saa saba za usiku katikati ya seti, ukumbi unapoa, kwa sababu spidi haioani na ngoma za wakati ule na besi ni nyembamba. Ukiweka rimiksi, wale wanaoijua wanaimba na wale wasioijua wanacheza. Kwangu sidii ya pili ilikuwa kitendea kazi, na nilishukuru kwamba mtu amenikusanyia.

Kwa hiyo mimi sioni kama walilenga mfuko tu. Waliona wasikilizaji wa aina mbili wakawapa kila mmoja sidii yake.

#14 MwanaRaskazoni
Usiku, nakuheshimu kwa kazi uliyofanya, lakini umenisaidia mimi. Kama ni kitendea kazi cha DJ, waiite sidii ya rimiksi, waiuze peke yake, na mimi nitajua. Mtu ananunua tiketi ya Coastal Union, akiingia Mkwakwani asikute timu nyingine imevaa jezi zao.

#15 Mkwakwani_Magharibi
Mwenzio wa African Sports hapa, Coastal msiwatie kwenye kila uzi. Nipo kwenye mada: Whitney mwenyewe si alikuwa anarudia nyimbo za watu? Greatest Love of All aliiimba kwanza George Benson 1977 kwa filamu ya maisha ya Muhammad Ali. I'm Every Woman ni ya Chaka Khan, 1978. Mbona hapo hamkusema asilia iheshimiwe? Rimiksi ni kurudia tu kwa njia nyingine.

#16 Santuri_Kuukuu
Kuna tofauti. Benson yake ipo, Chaka yake ipo, ukiitaka unaipata, na Whitney hakuimba halafu akabandika jina la Benson juu yake. Aliimba upya kwa pumzi yake, akaongeza. Kwenye rimiksi mwimbaji hakurudi studio, mtu mwingine amechukua koo lake akalipeleka anakotaka. Yaweza kuwa nzuri, na kuna rimiksi mle ninazipenda. Lakini usizifananishe.

#17 Rasta_wa_Deep_Sea
Mngeijua ya Legend ya Bob Marley mngemwacha Whitney apumzike. Ile ndiyo kila mtu anayo, kuanzia boda mpaka mwenye boti. Bob alizichagua mwenyewe nyimbo zile kabla hajafa, na mimi kila siku najiuliza kwa nini aliwasahau Waafrika.

#18 FundiRedio_Makorora
Rasta, Bob alifariki Mei 1981, Legend imetoka 1984. Hakuichagua yeye. Island, kampuni yake ya rekodi, ndio waliopanga, na walichagua kwa kuangalia mnunuzi wa Ulaya na Marekani ambaye hakuwa mpenzi wa rege: mapenzi mengi, siasa kidogo. Ila swali lako la Waafrika ni zito. Kwenye albamu ya Survival ya 1979 kuna Zimbabwe na Africa Unite. Ile ya Zimbabwe Bob alikwenda kuiimba mwenyewe uwanjani Rufaro, Aprili 1980, siku nchi inapata uhuru. Legend haina hata wimbo mmoja kutoka Survival.

#19 Rasta_wa_Deep_Sea
Basi hapo ndipo moto unapowaka zaidi. Mtu amepanda ndege kuja kuimba kwenye uhuru wetu, mkusanyo unatoka, wimbo ule haumo, na sisi tunanunua na kuimba No Woman No Cry. Mimi nakubaliana na MwanaRaskazoni kwa njia hiyo. Ukimkusanya mtu unamchonga. Kizazi kizima kinamjua Bob wa Legend tu.

#20 Pwani_Tulivu
Madonna je? The Immaculate Collection ya 1990, nyimbo nyingi mle zimechanganywa upya kwa teknolojia ya QSound na nyingine zimefupishwa. Sijawahi kusikia mtu Tanga analalamika. Wote wanasema ni mkusanyo wa kupigiwa mfano.

#21 FundiRedio_Makorora
Hapo Pwani umeleta kitu. Nadhani jibu ni kipimo. Madonna walibadilisha namna sauti inavyokaa kwenye spika, wakapunguza hapa na pale, lakini ukiimba naye unafika naye mwisho pamoja. Kwenye sidii ya pili ya Whitney ukianza kuimba kwa mazoea unaachwa njiani, kiitikio hakiji pale ulipokizoea. Mwili unajua kabla ya akili.

#22 Mama_Sahare
Marehemu baba yangu alikuwa na Kenny Rogers, Greatest Hits ya 1980. Ile haikuwa na mchezo wa rimiksi. Ulikuwa unaanza upande wa kwanza unamaliza wa pili, Jumapili nzima.

#23 Bandari_Saba
Mama, hata hiyo ilikuwa na chambo. Lady haikuwa kibao cha zamani, ilikuwa mpya, imetungwa na Lionel Richie, ikawekwa mle ili wenye santuri zote za Kenny wanunue tena. Na ikashika namba 1. Mbinu ni ileile, tofauti ni kwamba Lady ilikuwa tamu.

#24 Mpangani_Halisi
Kumbe jibu ni hilo! Weka kipya, lakini kiwe kizuri, usiguse vya watu. Hivi kwa Whitney zile tatu mpya nani anazikumbuka?

#25 Usiku_wa_Tangamano
Ile na Enrique ilipigwa sana redioni hapa mwaka ule, usidanganye watu Mpangani. Na ile na George Michael, If I Told You That, ni wimbo mkali. Ilikuwepo kwenye albamu ya 1998 akiimba peke yake, George akaongezwa. Kwa hiyo mpya kwelikweli hiyo siihesabu.

#26 MwanaRaskazoni
Narudi kwenye dai langu. Ushahidi kwamba wasikilizaji hawakuridhika uko kwenye mikusanyo iliyofuata. Mwaka 2007 ikatoka The Ultimate Collection upande wa Ulaya, sidii moja, na nyimbo za kuchangamka zikawekwa zilivyokuwa zamani. Novemba 2012, baada ya msiba, ukatoka mwingine uliobeba jina la I Will Always Love You, nao ukarudisha za zamani. Kama sidii ya pili ya 2000 ilikuwa imetosha, kwa nini waliokuja baadaye hawakuifuata?

#27 Binti_Chumbageni
Na mimi nina ushahidi wa upande wangu. Whitney alipofariki tarehe 11 Februari 2012, watu walikimbilia mkusanyo upi? Huuhuu wa 2000. Mwaka uliotoka uliishia namba 5 Marekani. Mwaka 2012 ukapanda hadi namba 2, miaka 12 baadaye, ukazuiwa na Adele. Uingereza ulikuwa umeshashika namba 1 tangu mwanzo. Watu hawakimbilii kisichowatosha.

#28 Santuri_Kuukuu
Dada, siku ya msiba mtu anashika kilicho karibu. Anaandika jina la mwimbaji, kinachotokea mbele anakilipia. Hapimi toleo. Na wauzaji wanalijua hilo. The Ultimate Collection ilipandishwa bei kwenye duka la mtandaoni Uingereza muda mfupi baada ya habari za kifo, watu wakakasirika, Sony wakaomba radhi. Mauzo ya wiki ya msiba yanapima uchungu.

#29 Binti_Chumbageni
Uchungu nao ni wa wasikilizaji, Santuri. Waliununua, wakausikiliza, hawakuurudisha dukani.

#30 Mkwakwani_Magharibi
Kuna kitu hakijasemwa. Hiyo "ya zamani" yenu mliipata wapi? Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Wengi wetu hapa tulimsikia Whitney redioni, DJ anaongea juu ya mwanzo wa wimbo, anakata kabla haujaisha, na stesheni za Mombasa zikiingiliana. Au kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, kasi imezidi kidogo. Au kwenye banda la video wanaonyesha The Bodyguard na mkanda umechakaa. Kwa hiyo mnachokililia mimi sidhani ni rekodi ya Arista. Kila mtu anakililia Whitney wa redio ya kwao.

#31 Mzee_Barabara_ya_12
Kijana umesema jambo. Mimi kanda yangu ya Whitney ilikuwa na sauti ya mtangazaji akitaja saa katikati ya wimbo. Mpaka leo wimbo ukifika pale namsubiri. Ila hilo halimtoi mtu kwenye hatia. Hata kupitia mkwaruzo na mawimbi ya Mombasa, ngoma ilikuwa ileile na kinanda kilekile. Kilitufikia.

#32 Nyota_ya_Pwani
Salaam. Nimesoma wote. Naomba niulize la nyumbani: kwa nini tunagombania mkusanyo wa Mmarekani wakati Tanga yenyewe ina watu wa kukusanywa? Shakila binti Saidi, mwimbaji wa taarabu aliyefariki 2016, mkusanyo wake uliopangwa vizuri, wenye maelezo na tarehe, uko wapi? Black Star walitoa ule mmoja Uingereza, Nyota, basi.

#33 Santuri_Kuukuu
Nyota ilikuwa ya klabu mbili za taarabu, Black Star na Lucky Star, na iliyoitoa ni GlobeStyle, kampuni ya rekodi ya London, 1989. Shakila alipita kwenye klabu zote hizo mbili. Mimi ninayo. Na kwa hoja ya uzi huu, ule ni mkusanyo ulionitosha. Hawakuongeza mdundo, hawakusafisha mpaka ukapauka. Unasikia gita la umeme, besi, bongo, taarabu ya Tanga inayotembea kwa mwendo wa rumba, tofauti kabisa na ya Unguja yenye fidla nyingi na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Mtu wa London aliyeununua alipata kitu kilekile kilichokuwa kinapigwa Ngamiani.

#34 Nyota_ya_Pwani
Ahsante kwa kunyoosha. Lakini umeona? Aliyekusanya ni wa London. Sisi tuna kanda za mashangazi kwenye makabati, zinaoza.

#35 Bandari_Saba
Ugumu ni umiliki. Ukitaka kutoa mkusanyo leo lazima ujue nani mwenye rekodi, nani mtunzi, nani warithi. Sheria ya hakimiliki yetu ni ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini nyimbo za klabu zilitungwa na mtu mmoja, akaimba mwingine, mshairi wa tatu hakuandikwa popote. Rekodi nyingine ziko kwenye maktaba ya iliyokuwa Redio Tanzania. Arista waliweza kuharibu How Will I Know kwa sababu karatasi zao zilikuwa safi. Sisi hata kuharibu hatuwezi.

#36 Mpangani_Halisi
Bandari umekiri wameharibu! Andikeni tarehe. Alianza na mfuko, sasa anaona uchungu.

#37 Bandari_Saba
Sijawahi kusema napenda sidii ile. Nilisema kwa nini ilitengenezwa. Mambo mawili hayo.

#38 Rasta_wa_Deep_Sea
Shakila akikusanywa, tafadhali asije mtu akamwekea singeli chini.

#39 Usiku_wa_Tangamano
Na mimi nasema akiwekewa na mtu anayejua, watoto wa leo watamtafuta. Ndivyo Binti hapa alivyompata Whitney.

#40 Rasta_wa_Deep_Sea
Watamtafuta wakiwa wameshamkosa. Legend imenifundisha.

#41 Binti_Chumbageni
Jana nimefanya jaribio nyumbani kwa sababu ya uzi huu. Mama anamjua Whitney tangu ujana wake, nikampigia sidii ya pili bila kumwambia kitu, akiwa anachambua mchele. It's Not Right ilipoingia akatikisa bega, akaniuliza ni nani huyu. So Emotional ilipoingia akanyamaza, akasikiliza kama nusu, akasema, "Huyu Whitney wamemfanya nini?" Nikamwekea ya zamani kutoka YouTube, akaimba mpaka mwisho. Halafu akaniambia nirudishe ile ya kwanza ya kutikisa bega. Kila mtu achukue anachotaka hapo.

#42 MwanaRaskazoni
Mama amenitetea kwenye So Emotional na amekutetea wewe kwenye It's Not Right. Mpe salamu zangu. Lakini angalia tofauti: It's Not Right aliipenda akiwa haijui. So Emotional anaijua. Mkusanyo wa vibao unanunuliwa na mtu anayejua.

#43 Binti_Chumbageni
Au na mtu anayetaka kujua. Mimi nilikuwa huyo, na kaka yangu hakuwa na hela ya kununua albamu zote. Ule mkusanyo ulikuwa mlango wangu. Baadaye nilizitafuta za zamani moja moja, na nikazipenda nyingine kuliko rimiksi. Bila sidii hiyo nisingezitafuta.

#44 Mama_Sahare
Nani ana Ultimate Collection anikopeshe? Nina shughuli mwezi ujao, ya kwanza imekwaruzika na bibi harusi anataka I Wanna Dance ya kale wakati wa kukata keki.

#45 Santuri_Kuukuu
Ninayo Mama, nitakuletea Sahare Jumamosi. Usiiache kwa MC.

#46 Nyota_ya_Pwani
Kabla uzi haujapotea: FundiRedio, zile kanda za shangazi zinaweza kuokolewa? Moja ina utando mweupe ndani.

#47 FundiRedio_Makorora
Zinaweza. Usiipige kwanza, ule utando ni ukungu na utachafua redio yako na kanda nyingine zitakazofuata. Iache mahali pakavu, si juani. Kama ganda limefungwa kwa skrubu nne tunalifungua, tunahamishia utepe kwenye ganda safi. Kama limegandishwa tunalipasua kwa uangalifu. Kichwa cha redio kinafutwa kwa spiriti na pamba kabla na baada ya kila upande. Kisha waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, unairekodi yote bila kukata, hata makohozi ya ukumbini. Kusafisha kelele kunakuja baadaye, kwenye nakala. Njoo nazo Makorora, na uandike kila unachokijua juu ya ganda: nani anaimba, klabu gani, shughuli ya nani.

#48 Mzee_Barabara_ya_12
Fundi, na mimi nina boksi. Ile ya Whitney yenye mtangazaji anayetaja saa imo. Usimfute mtangazaji.